Kode ya mama si ya kabini, wala si ya mtoto wake

GOMA – Familia nyingi za wahami hazina tena mlango wa kufunga. Nyumba iliachwa Masisi, Rutshuru au Kalehe, pengine imeshaungua, na ufunguo wake umebaki kwenye mfuko bila kazi. Mali iliyobaki imo ndani ya simu: pesa kidogo za M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, picha za watoto, namba za ndugu waliokimbilia Nakivale na Bujumbura, na WhatsApp ambayo kwayo yaya aliye Marekani anaandika kwamba ametuma kitu. Kinachofunga mali hiyo ni tarakimu nne, au neno moja la siri. Na katika nyumba nyingi tarakimu hizo zinajulikana na watu watano.

Mambo hayo yalikuwa madogo zamani. Tangu benki zilipofunga milango Goma mwisho wa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, pesa ya simu imekuwa ndiyo benki ya karibu kila mtu, hata ya wale waliokuwa wanaiogopa. Mashahara, misaada, ada ya shule, pesa ya dawa, vyote vinapita pale. Tate ambaye mwaka 2020 alikuwa anaweka dola zake ndani ya godoro, leo ana konti, na konti ina kode.

Vijana wanaojua simu wana jibu tayari: programu ya kutunza maneno ya siri. Mtu anaweka humo maneno yake yote, ya Gmail, ya Facebook, ya konti ya shule ya mtoto, kisha anabaki kukumbuka neno moja tu linalofungua sanduku zima. Wazo ni zuri. Kichwa cha binadamu hakikuumbwa kukumbuka maneno ishirini ya siri, ndiyo maana watu wanatumia lile lile moja kila mahali, na likijulikana sehemu moja, zote zimefunguka. Lakini vijana wanapoanza kumchagulia mama programu, wanabishana juu ya ipi ina ulinzi mkali zaidi, ipi imesifiwa na Wazungu, ipi ina rangi nzuri. Swali la kwanza linapitwa. Je, mama ataweza kuifungua yeye mwenyewe, siku ambayo mtoto hayuko?

Kwani mtoto siku moja hatakuwepo. Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Katika karibu kila familia kuna mmoja anayejua simu, kwa kawaida kijana wa miaka kumi na nane au ishirini. Ndiye anayesajili, ndiye anayefungua Gmail kwa namba yake mwenyewe kwa sababu mama hana mega, ndiye anayechagua neno la siri na kuliweka kichwani mwake. Hana nia mbaya. Anasaidia. Lakini bila mtu yeyote kuamua, amekuwa benki ya familia. Kisha vita vinasogea, kijana anavuka kwenda Kampala, simu yake inaporwa njiani, namba inapotea, na mama aliyebaki Minova anagundua kwamba konti zake zote zinatuma ujumbe wa uhakikisho kwa namba ambayo haiko tena. Hakuna mwizi aliyeingia. Mama amefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe na msaada wa mtoto wake.

Duka la simu nalo linafanya hivyo hivyo. Mama ananunua simu ya Tecno au Itel pale Birere, kijana wa duka anamfungulia Gmail haraka haraka, anaandika neno la siri lolote, mara nyingi lile lile kwa kila mteja, na mama anaondoka akifurahi kwamba WhatsApp inafanya kazi. Baada ya miaka miwili simu inakwama na fundi anaifuta yote. Simu za Android, kwa miaka kumi sasa, zikifutwa kwa njia hiyo zinadai Gmail ya kwanza na neno lake la siri kabla ya kufunguka tena. Ulinzi huo uliwekwa dhidi ya wezi. Kwa mama asiyejua kwamba ana Gmail, simu imekuwa jiwe.

Kwa hiyo, kabla ya programu yoyote, kila mama ambaye ana simu ya kisasa anapaswa kujua mambo matatu: anwani yake ya Gmail ni ipi, neno lake la siri ni lipi, na namba gani ya simu imefungwa nayo. Kama namba hiyo ni ya mtoto, ibadilishwe leo, iwekwe ya mama. Kazi hiyo inachukua muda mfupi kuliko kupika sombe.

Kabini ni shida nyingine, na ni kubwa kuliko shida ya intaneti. Wasomi wanaogopa wadukuzi wa mbali, watu wa kompyuta walio ng'ambo. Akina mama wa Majengo na Ndosho wanaibiwa na mtu aliye mbele yao. Mama hasomi vizuri, au macho yamechoka, anampa kijana wa kabini simu yake pamoja na kode kwa sauti, mstari mzima wa watu ukisikia. Kijana mwaminifu anamtolea pesa na kumrudishia simu. Lakini si wote waaminifu, na hata mwaminifu hawezi kuziba masikio ya wale waliosimama nyuma. Kode ya tarakimu nne ina michanganyiko elfu kumi, na konti hufungwa mtu akikosea mara chache, kwa hiyo kuotea ni vigumu sana. Hakuna haja ya kuotea kitu kilichotangazwa. Wala kitu kilichochukuliwa kutoka mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye kadi ya uchaguzi, kadi ambayo mama anaibeba katika mfuko mmoja na simu.

Kwa kode hiyo ya pesa, maoni ya safu hii hayana mzunguko: isiingie katika programu yoyote, isiandikwe ndani ya simu, ibaki kichwani. Tarakimu nne zinawezekana hata kwa tate wa miaka sabini. Watu wasiosoma wanakumbuka namba za simu za watoto wote na bei za makala tangu mwaka juzi. Kwa asiyeona kabisa au asiyejua tarakimu, achaguliwe mtu mmoja wa nyumbani wa kubonyeza kwa niaba yake, mmoja tu, anayejulikana kwa wote. Afadhali mjukuu wa miaka kumi na mbili kuliko mtu wa kabini, kwa sababu mjukuu anarudi nyumbani jioni na anaweza kuulizwa.

Kuna mahali pengine ambapo hakuna anayepazungumzia: pale pa kuchajisha. Wahami wengi hawana umeme. Asubuhi simu inapelekwa kwa mwenye betri na sola, inalala pale kati ya simu thelathini, inachukuliwa jioni. Saa nane mikononi mwa mtu mwingine. Kama simu haina kufuli na kadi ya SIM imo ndani, yule mtu, au rafiki yake anayepita kupiga soga, anaweza kuomba ujumbe wa uhakikisho wa WhatsApp, kuusoma, na kuhamisha konti kwenye simu yake. Kuanzia hapo ndugu wa Kanada wanaanza kupokea maombi ya pesa kutoka kwa "mama". Dawa ni rahisi na haina gharama: kabla ya kuacha simu, kadi ya SIM itolewe, ifungwe kwenye pembe ya kikwembe, irudi nyumbani. Betri inajaa vizuri bila SIM.

Anayeona kutoa kadi kila siku ni usumbufu, anaweza kuweka kode kwenye kadi yenyewe. Watu wengi hawajui kwamba kadi ya SIM ina kode yake, tofauti na ya simu na tofauti na ya pesa. Ikiwekwa, mwizi akihamisha kadi kwenye simu nyingine haitafunguka. Akikosea mara tatu, kadi inadai PUK, tarakimu nane zilizoandikwa kwenye ile plastiki ambayo kadi iliuzwa nayo, ile ambayo wengi wanaitupa chini mlangoni pa duka. PUK nayo ikikosewa mara kumi, kadi imekufa. Hivyo njia hii ni nzuri kwa mwenye kichwa kizuri, na ya hatari kwa tate ambaye simu yake inazimika mara tatu kwa siku kwa kukosa moto. Kila familia ipime.

WhatsApp pia ina mlango wa pili: kode ya tarakimu sita ambayo mtu anaichagua mwenyewe ndani ya mipangilio. Ikiwepo, hata aliyesoma ujumbe wa uhakikisho hawezi kuingia. Mwenyewe akiisahau na hakuweka barua pepe, atasubiri siku saba kabla ya kuanza upya. Siku saba bila WhatsApp ni ndefu kwa mama ambaye watoto wake wote wako mbali, lakini ni fupi kuliko aibu ya kueleza ukoo mzima kwamba si yeye aliyeomba zile dola mia mbili.

Sasa programu zenyewe. Kwa mama mwenye simu ya kubonyeza, mjadala umekwisha: hakuna programu, hahitaji. Kwa mwenye simu ya kisasa zipo njia tatu zinazofaa kuzungumziwa hapa, zote za bure, na zote hazifanani.

Ya kwanza imo tayari ndani ya simu. Google inauliza kila mara kama ihifadhi neno la siri, na mtu akikubali, linahifadhiwa ndani ya konti yake ya Gmail. Wajuzi wanaidharau. Wamekosea, angalau kwa ajili ya mama. Haina kitu kipya cha kujifunza, inajaza yenyewe, na anayetaka kuyaona maneno lazima afungue kwanza kufuli la simu. Udhaifu wake ni ule ule uliosemwa juu: kila kitu kinaning'inia kwenye Gmail moja. Gmail ikipotea, vyote vimepotea. Lakini Gmail yenye uhakikisho wa hatua mbili inaweza kutoa kode kumi za akiba, kila moja tarakimu nane, za kuandikwa kwenye karatasi na kutumika siku ambayo simu na namba vyote vimekwenda. Karatasi hiyo ni ya thamani kuliko simu mpya. Mtoto anayetaka kumsaidia mama yake aanze na karatasi hiyo.

Ya pili ni Bitwarden. Ni bure kwa mtu mmoja bila kikomo cha maneno, inaongea Kifaransa, inafanya kazi kwenye simu na kompyuta, na hata bila kulipa watu wawili wanaweza kuwa na sehemu ya kugawana. Inafaa mtoto aliye Kampala na mama aliye Goma wakitaka wote wawili waone neno lile lile la konti ya familia. Inahitaji intaneti ili mabadiliko yafike upande wa pili, ingawa yaliyokwisha kufika kwenye simu yanasomeka hata mtandao ukikatika. Jambo gumu ni neno kuu. Likisahaulika, kampuni haiwezi kulirudisha, kwa sababu yenyewe hailijui. Watu wa hapa wamezoea kwenda ofisini na kadi ya uchaguzi, kuomba, kungoja, mwisho wanasaidiwa. Hapa hakuna ofisi. Mama aambiwe hivyo kabla, si baada.

Ya tatu ni KeePassDX. Haihitaji intaneti hata kidogo. Maneno yote yamo ndani ya faili moja iliyofungwa, na faili hiyo inaweza kunakiliwa kwenye kadi ya kumbukumbu, ikapewa shangazi, ikatumwa kwa kaka. Bila neno kuu ni takataka tu. Kwa mahali ambapo mtandao unakatwa au mega zinaisha tarehe tano ya mwezi, inapendeza sana. Lakini nani atakumbuka kunakili faili upya kila neno linapobadilika? Mama hatakumbuka. Simu ikiporwa Kituku na nakala ya mwisho ni ya mwaka jana, sanduku limebaki na vitu vya mwaka jana. Hiyo ni programu ya kijana mwenye nidhamu, au ya mtu wa shirika, au ya mwandishi wa habari. Kumwekea tate ni kumpenda kwa njia isiyomsaidia.

Wapo wanaouliza kama ni busara kuweka siri zote mahali pamoja. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2022 kampuni ya LastPass, iliyokuwa na watumiaji wengi duniani, ilivunjwa, na wezi wakanakili masanduku ya wateja. Masanduku yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo kilichomlinda kila mteja ni ubora wa neno lake kuu. Waliokuwa na neno refu walipata nafasi ya kupumua. Waliokuwa na jina la mtoto na mwaka, hawakupata.

Ndiyo sababu neno kuu la mama linafaa kuwa refu badala ya kuwa la ajabu. Wale wanaomlazimisha kuweka herufi kubwa, alama ya dola na nyota, kisha kubadilisha kila miezi mitatu, wanafuata ushauri uliokwisha kufa: mwaka 2017 hata taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kudai mabadiliko ya mara kwa mara na alama za kuchanganya, kwa sababu watu walikuwa wanaishia kuandika neno lile lile na kuongeza namba 1 mwishoni. Maneno matano yasiyohusiana yanatosha, katika Kinande, Kihunde, Mashi, Kinyarwanda au Kiswahili cha nyumbani: sufuria, chukudu, mvua, kiatu, ndimu. (Si hayo. Hayo yamekwisha kutangazwa.) Wala isiwe methali, wala mstari wa Biblia ambao mama anaimba kila Jumapili.

Na liandikwe. Wapo watakaoshtuka, lakini karatasi haiibiwi na mtu aliye ng'ambo, haimalizi moto, na mama anajua kuitunza. Kwa miaka mingi akina mama wamebeba vyeti vya ubatizo na hati za kiwanja kutoka kijiji hadi kijiji. Kosa ni kuiweka karatasi pamoja na simu, au kuipiga picha na kuituma WhatsApp.

Akina mama wa vikundi vya kuweka akiba, vile vinavyoitwa AVEC, wanajua mfano bora kuliko wahandisi. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne. Hakuna anayemtukana mwenzake kwa kufanya hivyo, ni heshima. Familia inaweza kufanya vile vile: simu kwa mama, karatasi ya neno kuu kwa dada yake anayekaa mtaa mwingine, kode za akiba za Gmail kwa mtoto aliye mbali. Dada ana karatasi lakini hana simu. Mtoto ana kode za akiba lakini hajui neno la siri. Nyumba moja ikikimbia usiku, nyingine inabaki na kitu.

Mpango huo una upande mchungu pia. Si kila mama yuko salama mbele ya watu wa nyumbani mwake. Wapo waume wanaodai kode ili kuona nani amepigiwa, wapo mashemeji wanaokomba msaada siku ile ile unapoingia. Kwa mwanamke wa namna hiyo, kugawana siri ndani ya familia si ulinzi, na mtoto asimshurutishe kwa sababu amesoma mahali kwamba familia hugawana. Achague mwenyewe nani ashike karatasi: rafiki, mama wa kanisa, mwenzake wa kikundi. Kuna pia vizuizi vya barabarani, ambako simu inachukuliwa na mwenyewe anaambiwa aifungue. Kidole kinaweza kushikwa kwa nguvu na kuwekwa juu ya kioo. Anayesafiri na sanduku la maneno yote ya ukoo ndani ya simu moja amebeba ukoo mzima mpaka kwenye kizuizi. Safari ya namna hiyo ifanywe na simu ndogo ya kubonyeza, sanduku libaki nyumbani.

Mashirika yanayogawa msaada kwa njia ya simu yana sehemu yao. Mara nyingi kadi za SIM zinatolewa kwa mamia kwa siku moja, kode za kuanzia zinafanana, na mama anaondoka kwenye mstari bila kuambiwa jinsi ya kuzibadilisha. Wiki mbili baadaye pesa inaingia na kutoka, na anayelaumiwa ni mama: alitoa kode. Kumwonyesha kila mtu jinsi ya kuweka kode yake, akiwa ameipa mgongo meza na hakuna anayetazama, kunachelewesha mstari. Basi uchelewe. Aliyelala nje tangu saa kumi ya alfajiri kungoja jina lake liitwe ataweza kungoja dakika tano zaidi, na ile plastiki yenye PUK apewe mkononi, isibaki ndani ya katoni.